Yaya asije mikono mitupu

Juma hili katika safu yetu ya malezi tunazungumza juu ya yule tunayemwachia watoto, na juu ya kitu anachokuja nacho.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana, na hapa Manono tunaliona hilo kila siku. Mmoja wetu anatoka alfajiri kwenda shamba, mwingine anapeleka sombe na unga sokoni, mwingine anashinda majini akisafisha kasiterite, mwingine amelala hospitali na mtoto mgonjwa. Watoto wanaobaki nyumbani wanabaki na mtu: nkambo, shangazi, jirani, au msichana tunayemlipa. Huyo tunamwita yaya, awe dada mkubwa wa watoto au mtu wa kuajiriwa.

Kabla ya kutoka tunamwambia mengi. Bukari iko ndani ya sufuria. Maji ya kunywa ni ya bidoni hii, si ile. Mdogo akilia, mpe uji. Hayo ni maagizo mazuri. Lakini mara chache tunamwuliza: umeleta nini cha kuwachezesha? Tunaona kama mchezo ni kitu cha ziada, kitu cha watu wenye pesa. Sisi tunasema hapana. Katika mji kama wetu, mchezo ni ulinzi.

Fikirini, wamama. Mtoto asiyekuwa na kitu cha kufanya atakitafuta, na sote tunajua atakipata wapi. Mashimo makubwa ambayo Géomines iliyachimba kwa miaka mingi yamejaa maji, na kwa mtoto maji ni kitu cha kuchezea. Kuna mashimo ya wachimbaji ambayo mvua ikinyesha yanakuwa visima bila ukingo. Kuna barabara yenye pikipiki na malori. Kuna jiko la makala lililobaki na moto. Lupango nyingi za kwetu hazina ukuta. Ukimwambia mtoto wa miaka 4 "usitoke, usitoke", atakaa kidogo, kisha atatoka. Lakini ukimpa kitu mkononi na mtu wa kucheza naye, atabaki mwenyewe bila kufungwa.

Ndiyo sababu tunapendekeza kila yaya awe na mfuko wake wa michezo. Asije mikono mitupu.

Mfuko wenyewe

Si lazima uwe wa dukani. Kikwembe cha zamani kilichoshonwa na kutiwa kamba kinatosha, au kikapu chenye kifuniko. Jambo kubwa ni kwamba vitu vya mfuko huo haviachwi kwa watoto. Yaya anakuja navyo, na akienda anaondoka navyo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kopo lile lile ambalo mtoto amelipita jikoni mara mia, likitoka ndani ya mfuko wa mgeni linakuwa kitu kipya. Watoto watamsubiri yaya kwa hamu, na mama ataweza kutoka bila kilio mlangoni.

Sasa tuangalie cha kutia ndani, kwa umri.

Mtoto wa chini ya mwaka 1. Huyu mchezo wake wa kwanza ni uso wa mtu na sauti yake. Yaya alete kitambaa cha kitenge chenye rangi kali: anajifunika uso, anajifunua, mtoto anacheka. Alete chupa ya plastiki iliyo safi na kavu, atie ndani mahindi au vijiwe, afunge kifuniko kwa nguvu na kukizungushia uzi mpaka kisifunguke. Hiyo ni kayamba yake. Kabla ya kila mchezo yaya aikague: kama kifuniko kimelegea au plastiki imepasuka, isitumike. Alete na kijiko cha mti cha kupigia sahani.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Huyu anapenda kutia na kutoa, kujenga na kubomoa. Makopo au vikombe vya plastiki 5 vya ukubwa tofauti vinatosha kwa asubuhi nzima: kimoja ndani ya kingine, kimoja juu ya kingine, vyote chini kwa kelele. Makopo ya bati yenye kingo kali yasitumike. Mpira wa matambara ni bora kuliko mpira mgumu, kwa kuwa hauvunji kitu na hauendi mbali. Kartoni tupu inakuwa motokari, mtumbwi, nyumba. Huyu pia anapenda kujua majina. Pua iko wapi? Sikio liko wapi? Ulizeni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluba, au kwa lugha yoyote ya nyumba ile. Mtoto hachoki kwa lugha mbili.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5. Huyu anaiga wakubwa. Mpe soko: majani yawe sombe, udongo uwe unga, vipande vya karatasi viwe faranga. Yaya awe mteja anayebishana bei, na mtoto aone haya kidogo, kisha ajibu. Hapo anajifunza kuhesabu na kusema. Yaya alete donge la udongo wa kichuguu lililofungwa ndani ya plastiki lisikauke. Likilowanishwa kidogo linafaa kufinyanga ng'ombe, sufuria, watu. Alete magunzi ya mahindi na vitambaa vya kuyavika yawe wanasesere. Alete chaki au kipande cha makala cha kuandikia kwenye kartoni.

Mtoto wa miaka 6 na zaidi. Huyu asigeuzwe yaya wa pili. Naye ni mtoto. Achimbe mashimo ya kisolo chini ya mwembe na kucheza kwa mbegu, maana kisolo kinafundisha hesabu kuliko mtu anavyodhani. Wasichana wana nzango yao, ya kupiga makofi na kurusha mguu. Mwenye waya atengeneze motokari yake, ila yaya akunje ncha za waya zisichome mtu. Na jua likiwa kali, wote wakae kivulini kwa vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Anayeshindwa anatoa mji, na wote wanacheka.

Msisahau kitabu. Kitabu kimoja cha picha ndani ya mfuko kina kazi kubwa, hata kama yaya hajui kusoma. Anaonyesha picha na kuuliza: huyu ni nani, anakwenda wapi, ana njaa? Mahali ambapo hakuna kitabu, tushone wenyewe: vipande vya kartoni vya ukubwa mmoja, picha za kalenda ya mwaka uliopita zilizobandikwa kwa uji mzito wa mihogo, na uzi upande mmoja. Kitabu hicho kitadumu miezi.

Simu je? Tunajua kwamba wengi wanampa mtoto simu anyamaze. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mashauri: mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na mwenye miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Kwetu kuna sababu nyingine tena: simu inamnyamazisha yaya kuliko inavyomnyamazisha mtoto. Wakati macho yake yako kwenye simu, hayako kwenye lupango. Simu ya yaya ibaki na moto wa kutosha kwa kumwita mama.

Kisichoingia ndani ya mfuko

Hapa tunaomba msome polepole.

Watoto wadogo wanaonja dunia kwa mdomo. Kipimo rahisi ni hiki: chukua kifuniko cha bati cha chupa ya soda au ya bia, kiweke juu ya kartoni, chora duara kukizunguka, kata tundu. Tundu hilo lina upana wa sentimita 3 na kidogo. Kitu chochote kinachopita katika tundu hilo si cha mtoto wa chini ya miaka 3, maana kinaweza kumkaba. Hapo zinaingia mbegu za kisolo, vifungo vya nguo, vijiwe, sarafu za zamani, na vifuniko vyenyewe. Hiyo kartoni yenye tundu ikae ndani ya mfuko, na yaya apime kila kitu kipya anachookota. Wakubwa wakicheza kisolo, mdogo asikae karibu na mbegu peke yake, na mchezo ukiisha mbegu zihesabiwe zote.

Karanga nzima pia ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Zinateleza kooni na kuingia kwenye njia ya pumzi. Zitwangwe na kutiwa ndani ya uji au mboga.

Baluni iliyopasuka, mfuko wa plastiki mwembamba, kamba ndefu inayoweza kuzunguka shingo: vyote visiingie. Mawe ya radio na ya tochi yasiingie, na zaidi yale madogo ya mviringo yanayong'aa kama sarafu. Mtoto akimeza moja la namna hiyo linaweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa 2, na lazima apelekwe hospitali mara moja bila kungoja kuona kama litatoka. Kopo la dawa, hata likiwa tupu, si la kuchezea, kwa kuwa linamfundisha mtoto kwamba kopo la dawa ni mchezo. Sindano iliyookotwa isiguswe.

Na kuna jambo moja la mji wetu. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipita hapa, na miaka ya karibuni mkoa wa Tanganyika umeona tena mapigano. Chuma kisichojulikana kilichookotwa porini, shambani au karibu na kariere si mchezo hata kama kinang'aa. Yaya awafundishe watoto maneno matatu: usiguse, rudi nyuma, mwite mkubwa. Wayaseme pamoja mpaka yawe kama wimbo.

Kama mtoto amekabwa na hawezi kulia wala kukohoa, hakuna wakati wa kutafuta mama sokoni. Mtoto wa chini ya mwaka 1 alazwe kifudifudi juu ya mkono wa yaya, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, ageuzwe, abonyezwe katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5, kisha tena mgongoni. Yaya asiingize kidole mdomoni kutafuta kitu asichokiona, maana atakisukuma ndani. Kwa mtoto mkubwa kidogo ni mara 5 mgongoni, kisha kubana tumbo juu ya kitovu mara 5 kuelekea juu. Mambo haya yanaeleweka vizuri kwa kuonyeshwa. Kila kikundi kimwombe muuguzi wa kituo chao cha afya saa moja awaonyeshe wamama na mayaya pamoja.

Usafi

Kitu kinachopita nyumba 4 kinaweza kubeba ugonjwa nyumba 4. Kolera si mgeni katika mkoa huu. Basi vitu vya plastiki na vya mti vioshwe kwa maji na sabuni baada ya kila nyumba na kuanikwa juani. Vitambaa vifuliwe. Udongo wa kichuguu ukitumika nyumba moja usiende nyingine. Kipande cha sabuni kiwe ndani ya mfuko, na mchezo wa kwanza wa kila siku uwe kuosha mikono, yaya na watoto pamoja. Mtoto akiwa anahara au ana vipele, achezewe na vitu vyake mwenyewe, na mfuko ubaki umefungwa.

Namna ya kuutumia

Yaya mwerevu hamwagi mfuko wote chini. Anatoa vitu 2, anaacha vichezewe, vikichosha anavirudisha na kutoa vingine. Afike mapema kidogo, mama akiwa bado nyumbani, aanze mchezo mmoja mbele yake. Mtoto akiona mama ametulia na yaya, naye anatulia. Mama aage kwa sauti. Kutoroka nyuma ya nyumba kunamfanya mtoto asimwamini mtu tena siku nyingine.

Mchezo wa mwisho ni kurudisha. "Tulitoa vikombe 5, viko wapi vitano?" Hapo watoto wanahesabu, lupango inasafishwa, na hakuna kilichopotea.

Tena tuelewane: mfuko hauna macho. Kopo halimlindi mtoto karibu na moto. Yaya akae chini mkekani pamoja nao, aone kila kichwa. Kama watoto ni 5 na mmoja bado anatambaa, huyo wa kutambaa awe mkononi mwake au mgongoni wakati wengine wanacheza.

Kuna watoto wengine wanaohitaji mfuko huu zaidi. Manono imepokea familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao, hasa tangu mapigano ya 2016 na 2017. Mtoto aliyekimbia anaweza kucheza vita, kuchoma nyumba za udongo alizozijenga mwenyewe, au kukaa kimya tu akiangalia wengine. Yaya asimgombeze na asimlazimishe. Akae karibu naye na donge la udongo, afinyange, angoje. UNICEF nao wanalijua jambo hili: kuanzia 2009 wana sanduku la michezo la watoto wadogo kwa mahali pa dharura, la kutosha watoto 50, lenye vitu vya kupanga, wanasesere wa mkono, kalamu za rangi, na hata sabuni. Sisi hatuna haja ya kungoja sanduku. Vingi vya vitu hivyo tunavyo jikoni na shambani.

Yaya ni nani?

Swali hili haliwezi kukwepwa. Mara nyingi yaya wetu ni msichana wa miaka 9 au 10 ambaye wenzake wako masomoni. Tunampa mtoto mgongoni, tunakwenda zetu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuutekeleza ubure huo. Nchi yetu ilikubali pia mwaka 1990 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kila mtoto, maana yake na huyo wa miaka 9. Mfuko mzuri kuliko yote hautamgeuza mtu mzima. Baada ya masomo anaweza kumsaidia mama kwa saa moja, na kucheza na wadogo zake ni jambo jema. Lakini siku nzima, karibu na moto na mashimo ya maji, huo si mzigo wake.

Tunajua jibu lenu: basi nani abaki? Tunapendekeza kitu ambacho vikundi vyetu vinakifahamu tayari. Kwenye likelemba kila mmoja anatoa kidogo, na kwa zamu kila mmoja anapokea. Tufanye hivyo kwa saa zetu. Wamama 6 wa mtaa mmoja, kila mmoja atoe asubuhi moja kwa juma, na asubuhi 5 nyingine aende shamba au sokoni na moyo mtulivu. Wanaoweza watoe kitu kwa nkambo mwenye nguvu asaidiane na mama wa zamu. Na mfuko uwe mmoja wa kikundi: kila mama alete kitu kimoja, kikombe, kitambaa, mpira wa matambara, na orodha iandikwe kwenye daftari. Kila asubuhi mfuko unapokelewa na mama wa zamu, vitu vinahesabiwa, kilichovunjika kinatolewa. Mwisho wa mwezi mbadilishane na kikundi cha mtaa mwingine, na watoto wa mitaa miwili wapate michezo mipya bila faranga hata moja.

Kwa mkutano wa juma hili, basi, kila mwanamke aje na kitu kimoja cha nyumbani kisichopita kwenye tundu la kifuniko cha soda. Tutaleta sindano, uzi na kikwembe, na tutashona mfuko wa kwanza tukiwa pamoja. Nkambo wanaokumbuka nyimbo na vitendawili vya zamani waje pia, maana hivyo havioshwi, havipotei, na yaya anavibeba bila mfuko.

Tukutane juma lijalo, wamama. Wasalimieni watoto.